Noah ya D4 inachemsha milimani tu: nimekwama Mpika, Zambia, na mama mkwe yumo ndani

BabaNasra | Jumatano, saa 3 usiku

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa Mpika, Zambia, nimekaa kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje, simu ina chaji asilimia 22. Nikiruka ruka mnivumilie.

Nina Noah "new model" ya 2003, AZR60, injini 1AZ-FSE, ile D4 (mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda) ambayo fundi akifungua boneti anaguna kabla hajasema neno. Niliagiza Japani mwaka 2017, leo inasoma kilomita 214,000. Imenipeleka Tanga, Songea na Mwanza, na haijawahi kunidai zaidi ya oili na brekipedi. Safari hii tulitoka Mbagala Jumapili alfajiri kwenda Kabwe, huku huku Zambia, shemeji yangu anaolewa Jumamosi. Ndani tuko saba: mimi, mke wangu, Nasra, mama mkwe, mama wadogo wawili, na kijana wa kupokezana naye usukani. Juu kwenye keria kuna mchele wa Kyela magunia mawili na masufuria ya shughuli.

Dalili ya kwanza niliipata Kitonga, na hapo ndipo ninapojilaumu. Katikati ya mlima sindano ya joto ikapanda. Nikazima AC, tulipofika juu ikashuka yenyewe. Ilula nikasimama, nikasubiri, nikaongeza maji kama lita moja na nusu. Nikajiambia ni mzigo na jua. Mbeya nikamwonyesha fundi. Hakupima chochote. Alitoa termostati (kile kivalvu kinachosimamia joto la maji ya injini), akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akasema "kwa joto la huku kwetu hizi hazina kazi, mkuu", akachukua elfu kumi na tano. Joto la Mbeya! Mimi nilikuwa nimevaa sweta.

Tunduma tukavuka salama. Bima ya kadi ya njano ninayo, kibali cha gari cha siku 14 ninacho, stika za kung'aa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, pembetatu mbili, kila kitu. Kwenye tambarare Noah inatembea kama jana imetoka melini. Ila tulipoipita njia panda ya Chinsali, vikaja vile vimwinuko virefu visivyoisha, ikachemsha. Tukapoza, tukajaza, tukaenda. Ikachemsha tena. Mara ya nne nikaingia nayo Mpika kwa mwendo wa baiskeli, hita imewashwa hadi mwisho, madirisha wazi, mama mkwe kashika dumu la maji mapajani kama kashika mtoto mchanga.

Hali yenyewe ni hii. Ukiiacha inguruma imesimama, hata saa nzima haichemki. Feni zote mbili zinazunguka. Oili ni safi, haijawa rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe hakuna. Chini ya gari hakuna dimbwi. Lakini maji yanaisha, chupa ya akiba inabubujika, na mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama mti.

Fundi wa kwanza hapa anasema injini imekwisha, anayo nyingine ya mtumba, 1AZ hiyo hiyo, kwacha 14,000. Wa pili anasema jaza maji kila kilomita 30, utafika Kabwe. Kutoka hapa hadi Kabwe ni kama kilomita 500.

Nifanye lipi? Kuna aliyewahi kukwama na D4 nje ya nchi?

---

Mpoki_Uyole | Jumatano, saa 3:20 usiku

Pole sana mkuu. Hilo la joto la Mbeya nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Swali langu sio la kiufundi: mama mkwe amesema nini mpaka sasa?

---

BabaNasra | Jumatano, saa 3:31 usiku

Hajasema kitu. Ndicho kinachonitisha.

---

FundiGerezani | Jumatano, saa 4:05 usiku

Zima gari na usiliwashe tena leo. Halafu soma taratibu.

Injini hiyo ina ugonjwa wake, na dalili ulizoandika ni zake neno kwa neno. Bloku (mwili wa injini) ni ya aluminiamu, boliti zinazobana hedi (kichwa cha injini) juu yake ni za chuma, na ziko kumi. Zile za nyuma, upande wa kabini, hasa za katikati, tredi zake (ile mikato ya skrubu) ndani ya bloku huchoka kwa miaka ya kupata moto na kupoa. Siku moja zinang'oka. Boliti inabaki imekaa mahali pake, ukiitazama unaona iko sawa, kumbe haijashika kitu. Toyota wenyewe baadaye walirefusha sehemu ya tredi kwenye injini za ukoo huu wa AZ. Yako ya 2003 ni ya tredi fupi.

Ndiyo maana inakusumbua mlimani tu. Injini ikinguruma bila mzigo, presha ndani ya silinda ni ndogo na hedi inakaa. Ukikanyaga mafuta na watu saba na magunia ya mchele, presha inainyanyua hedi kwa unene usiofika wa unywele. Gesi inaingia kwenye njia ya maji, inayasukuma maji kwenye chupa ya akiba, yanamwagika nje. Maji yakipungua, injini inachemka. Kwa hiyo kuchemka ni matokeo, chanzo ni hiyo gesi. Ukibadilisha rejeta, wotapampu, feni, utamaliza pesa na gari litachemka vile vile.

Kesho asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, fanya mambo mawili. Fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi shingoni, mwambie kijana awashe na akanyage mafuta kidogo kidogo. Dakika mbili za mwanzo maji bado ni ya baridi, hayana sababu ya kutoa mapovu. Ukiona mapovu yanapanda mfululizo, ni gesi ya injini. La pili, chukua tochi, mulika nyuma ya injini pale hedi inapokutana na bloku. Tafuta mstari uliokauka, mweupe au wenye rangi ya kulanti, kama chumvi kwenye kwapa la shati. Maji yanavujia hapo injini ikiwa ya moto, na yanakaukia hapo hapo. Ndiyo maana huoni dimbwi.

Kuhusu kujaza maji kila kilomita 30: usimsikilize. Leo una tatizo la tredi na gasketi (kizibo cha kati ya hedi na bloku). Ukienda kilomita 500 hivyo utakuwa na hedi iliyopinda, pengine na ufa. Na nikwambie kitu ambacho wengi kimewaua: maji yakiisha kabisa, sindano ya joto inaweza kushuka, kwa sababu kipimo kinabaki kwenye mvuke badala ya maji. Dereva anafurahi, anasema imepona. Dakika kumi baadaye injini imekwisha kweli.

Huyo wa Mbeya nimwache. Termostati utairudisha.

---

Kipipa88 | Jumatano, saa 4:40 usiku

D4 ni kansa. Toa hiyo takataka weka injini ya 3S ya Noah old model, mambo yaishe. Mimi nilifanya hivyo 2016 mpaka leo sijaona fundi.

---

FundiGerezani | Jumatano, saa 4:52 usiku

Kipipa, wewe ulifanya hivyo ukiwa Dar, una wiki tatu, na una fundi wa umeme wa kuunganisha waya. Yeye yuko Mpika na harusi Jumamosi. Tumshauri kwa pale alipo.

---

DadaWaKabwe | Jumatano, saa 5:10 usiku

Shemeji, pole, na karibu Zambia hata kama imekupokea vibaya. Mimi ni mtu wa Moshi, naishi Kabwe mwaka wa tisa sasa. Naongezea yale ambayo fundi hawezi kujua.

Usinunue injini ya mtumba hapo. Achilia mbali kwamba nayo ni 1AZ, maana yake unanunua ugonjwa ule ule kwa kwacha 14,000. Namba ya injini yako imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukirudi mpakani na injini ya namba nyingine utaeleza mpaka jua lizame, na Dar utaanza upya kueleza TRA. Mjomba wangu alibadilisha injini ya pikapu huku, alipofika mpakani Nakonde alikaa siku mbili.

Kadi ya njano ya COMESA ni bima ya madhara unayowafanyia wengine. Injini yako haimo. Nasema mapema kwa sababu najua kuna mtu atakuja kukwambia udai bima.

Kibali ndicho cha kuangalia kuliko vyote. Gari limeingia kwa jina lako na lazima litoke. Huwezi kuliacha uani kwa fundi ukarudi nyumbani na basi, tarehe ikapita, ukaja mwezi ujao. Ukiona siku zinakaribia, nenda ofisi ya ZRA (mamlaka ya mapato ya Zambia) kabla hazijaisha, na barua ya fundi na picha za injini iliyofunguliwa. Ukienda zikiwa zimeshapita, mazungumzo yanakuwa mengine.

Na wakina mama wapande basi kesho. Mabasi ya Lusaka yanapita hapo Mpika, wanashuka Kabwe. Mchele utakuja na gari.

---

Transit_Kasumbalesa | Alhamisi, saa 11 alfajiri

Nimeamka Serenje nikakuta uzi huu. Mimi ni dereva wa lori, njia hii naijua kwa mashimo yake.

Mambo mawili. Mosi, ukivutwa, usikubali kamba. Noah hiyo inavuta kwa magurudumu ya mbele na gia zake ni otomatiki. Ukiiburuza magurudumu ya mbele yakiwa chini unaua na gia boksi, halafu utarudi hapa kuanzisha uzi mwingine. Inyanyuliwe mbele au ipande juu ya gari zima zima.

Pili, uko sehemu nzuri kuliko unavyodhani. Mpika ni mji wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Karakana kubwa ya vichwa vya treni iko hapo. Wazee waliostaafu TAZARA wamejaa mtaani, na wengi Kiswahili wanakijua, wameishi Mbeya, wameishi Dar. Usiulize fundi gari. Uliza mchonga vyuma mstaafu wa reli. Wale walifundishwa kupima kwa mikromita. Wasalimie kwa Kibemba, "mwapoleni mukwai", kwanza, vua na kofia, utasaidiwa.

---

BabaNasra | Alhamisi, saa 7 mchana

Nimefanya kama fundi alivyosema. Saa 12 asubuhi, baridi ya kuuma, rejeta imejaa hadi shingoni. Kijana akawasha. Sekunde kama ishirini hakuna kitu, nikaanza kumtukana FundiGerezani moyoni. Halafu povu moja. Halafu mawili. Halafu ikawa kama soda iliyotikiswa. Akikanyaga mafuta yanaongezeka, akiachia yanapungua. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni na khanga mabegani, akainama, akatazama, akasema: "Hii imeungua tumbo." Ndiyo maneno yake ya kwanza kuhusu gari tangu Kitonga.

Na ule mstari upo. Nyuma, chini ya hedi, karibu urefu wa kiganja. Umekauka, unang'aa kama konokono kapita.

Wakina mama wamepanda basi saa 4 na Nasra wao. Nimebaki mimi, kijana na magunia mawili ya mchele.

Sasa msikilizeni Transit_Kasumbalesa, huyu mtu Mungu amweke. Nimeuliza dukani, nikapelekwa nyumba ya tatu nyuma ya kanisa. Nimemkuta mzee wa miaka sabini na kitu anamwagilia mchicha. Nimesema "mwapoleni mukwai" kwa lafudhi yangu ya Mbagala, akanitazama, akajibu kwa Kiswahili cha Mbeya kilichonyooka: "Umetokea Tunduma au Kasumulu?" Alikuwa mchonga vyuma karakana ya reli. Ana mashine yake ya kuchonga, ya Kichina, kuukuu, kaifunika turubai kama jeneza. Gari hafungui, lakini mwanawe ni fundi na atafungua. Mimi ninunue gasketi na boliti mpya, yeye atashughulikia tredi.

FundiGerezani, nimwambie nini ili asikosee? Na mwanawe anasema hajawahi kufungua D4, amefungua 3S na 5A nyingi.

---

FundiGerezani | Alhamisi, saa 8 mchana

Kama amefungua 3S anaweza, ila mwambie haya.

Kabla ya kugusa bomba lolote la mafuta, atoe presha kwenye mfumo. D4 ina pampu ya presha kubwa juu ya hedi, mafuta yanakwenda moja kwa moja ndani ya silinda. Sio ya kulegeza spana kienyeji huku mtu kashika sigara. Nozeli akizitoa, zina sili ndogo ndogo, zinunuliwe mpya. Asirudishe za zamani hata kama zinaonekana nzima.

Mnyororo wa taimingi autie alama kwa rangi kabla ya kuuachia. Mwambie apige picha na simu kila hatua. Siku hizi picha ndiyo kitabu, maana haya magari ya Japani yanakuja bila kitabu, na kikiwepo ni cha Kijapani.

Boliti: ni milimita 11, hatua ya tredi 1.5. Sio 10, sio 12. Saizi 11 haipatikani madukani, tapu yake (chombo cha kukata tredi ndani ya tundu) utaitafuta mji mzima. Hapo ndipo mafundi wanapoharibu: wanakosa tapu ya 11, wanatoboa na kuweka boliti ya 12. Usikubali. Dawa yake ni kuvalisha bushi: anapanua tundu kwenye bloku, anatia tredi kubwa, anaingiza bushi ya chuma ambayo ndani ina tredi ya 11. Akimaliza, inashika kuliko ilivyotoka kiwandani, kwa sababu sasa ni chuma kwa chuma.

Afanye zote kumi. Atakwambia hizi nne tu ndizo zimekufa, nyingine nzima. Zote zina umri mmoja.

Tundu lazima lisimame wima. Likilala hata kidogo, boliti itainama na hedi haitakaa. Kwa hiyo asitoboe kwa mkono.

Hedi ipimwe kwa rula iliyonyooka. Kama haijapinda, iachwe kama ilivyo. Asije mtu na kipande cha msasa na kioo akasugua akisema anasawazisha.

Ukitafuta gasketi, dukani wakikuuliza ile namba ndefu ya chesisi ya tarakimu 17, usihangaike, gari la soko la Japani halina. Wape AZR60 na tarakimu zinazofuata kwenye kibati, waitafute kwa hiyo.

---

Mpoki_Uyole | Alhamisi, saa 8:15 mchana

"Hii imeungua tumbo." Mama mkwe apewe gereji.

---

BabaNasra | Jumamosi, saa 5 usiku

Leo ndiyo harusi. Nimeisikiliza kwenye simu, nimekaa juu ya ndoo ya oili, nimevaa shati la kitenge nililokuwa nimeshonewa kwa shughuli yenyewe. Bwana harusi kaniita kwa video, nikamwonyesha hedi ya injini mezani. Akapiga makofi.

Hedi ilitoka jana mchana. Boliti ya kwanza ya nyuma mwanawe mzee aliifungua kwa vidole. Naapa, baada ya spana kulegeza robo, vidole tu. Akaichomoa akanipa. Kwenye ncha yake umejizungusha uzi wa aluminiamu, mzima, kama waya wa springi ya kalamu, unang'aa. Ni tredi ya bloku yenyewe, imetoka na boliti. Nimeitia mfukoni, nitampelekea yule wa Mbeya aione. Nne zilitoka hivyo, zote za nyuma. Ya tano ilikuwa imeanza.

Mzee akaja na tochi ya kuvaa kichwani na rula yake kwenye ala ya ngozi. Akailaza kwenye hedi mshazari, akainama na kutazama mwanga chini yake, akageuza, akatazama tena. Dakika kumi hasemi. Halafu: "Ulisimama mapema." Haijapinda. Kwa hiyo fundi, ahsante kwa lile la "usiliwashe tena leo". Nilikuwa na ufunguo mkononi.

Gasketi, boliti kumi na sili za nozeli zimetoka Lusaka kwa basi, kwacha 1,650 pamoja na nauli ya mzigo. Termostati mpya nimeongeza 180. Tapu ya 11 kama ulivyosema, hakuna. Nikamwambia mzee, akacheka: yeye tredi ya ndani anaichonga kwa mashine, tapu ya nini? Kachonga bushi kumi kutoka kwenye chuma cha ekseli ambacho hakuniambia kilikotoka na mimi sikuuliza. Kila moja akiimaliza anaingiza boliti mpya, anaizungusha kwa vidole mpaka mwisho, anaichomoa, anaipangusa, anaiweka kwenye gazeti. Ya saba ilikwaruza kidogo. Mimi sikuisikia. Akaitupa, akaanza nyingine.

Kutoboa bloku alitengeneza bamba zito la kuongoza keekee, akalifunga juu ya bloku kwa boliti zile zilizokuwa bado zimeshika, akahama tundu moja moja. Silinda zote zimezibwa kwa matambara. Kazi imechukua leo nzima.

---

DadaWaKabwe | Jumapili, saa 4 asubuhi

Shemeji, harusini nilikuwepo! Kumbe bwana harusi ni jirani wa mume wangu. Nimekaa meza moja na mama mkwe wako. Anasimulia hadithi ya Noah meza nzima kimya, na kwenye hadithi yake yeye ndiye aliyegundua ugonjwa.

Wali ulikuwa wa kununua. Walisema wa Kyela uko njiani.

---

BabaNasra | Jumanne, saa 2 usiku

Imewaka.

Jumapili walifunga hedi. Toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ilikopwa kwa mtu wa karakana, ikaletwa imefungwa kwenye taulo. Kaza kwa hatua, kutoka katikati kwenda pembeni, kisha kila boliti robo mzunguko. Nilikuwa nimesimama pale nimekunja ngumi, nasubiri mojawapo izunguke bure kama mpini kwenye jembe bovu. Zote kumi zilishika. Mwanawe mzee ya mwisho aliikaza kifua kikiwa juu ya boneti, mishipa ya shingo imetoka.

Jana kulanti, oili mpya, filta mpya, tukaiwasha asubuhi kifuniko wazi. Dakika ishirini tumeinamia shingo ya rejeta wanaume watatu kama tunachungulia kisima. Povu moja lilitoka mwanzoni, la hewa iliyobaki, basi. Maji yametulia, unaona uso wako.

Leo nimeipeleka barabara ya Kasama, kijana na mimi na magunia yote mawili juu, nikatafuta kila mwinuko, nikaikanyaga kwa makusudi. Sindano imekaa katikati kama imegundishwa. Nimerudi, nimesubiri ipoe, nimefungua: maji yako pale pale.

Kwa atakayekuja kusoma uzi huu akiwa amekwama: mzee kachukua kwacha 2,500 za bushi na kutoboa, mwanawe 2,200 za kufungua na kufunga, vipuri, oili na kulanti vyote pamoja kama 2,900. Chini ya 8,000, wakati injini ya mtumba peke yake ilikuwa 14,000. Nimemwachia mzee debe la mchele. Alikataa, mkewe akapokea. Natotela (asante kwa Kibemba) nyingi sana.

Kibali kimebaki siku 5. Kesho alfajiri nashuka Kabwe kuchukua familia, Ijumaa nataka niwe Nakonde.

---

FundiGerezani | Jumanne, saa 2:30 usiku

Vizuri. Kilomita 500 za kwanza usizidishe 90 na usiwashe AC kwenye mwinuko. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, binya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa laini uko salama. Ukiukuta mgumu na injini imelala usiku kucha, rudi kwa mzee, usiende mbele. Kitonga unaishuka safari hii, lakini shuka na gia ndogo. Ukifika Dar njoo nione hizo bushi.

Ile boliti na uzi wake usiitupe. Naitaka kwa vijana wangu.

---

Mpoki_Uyole | Jumanne, saa 2:41 usiku

Na mama mkwe anarudi na Noah?

---

BabaNasra | Jumanne, saa 2:50 usiku

Amekwisha kata tiketi ya basi hadi Mbeya. Anasema kuanzia hapo ataona.